Upasuaji wa Kurekebisha Taya: Yajue Haya Kabla Hujatia Saini

Siku ya upasuaji ndiyo fupi kuliko zote katika safari hii. Taya moja huchukua muda wa saa moja au mbili, mataya yote mawili saa tatu hadi tano, na muda wote huo wewe umelala fofofo. Kazi iko kabla na baada: mwaka mzima au zaidi wa kuvaa vyuma vya meno, kisha wiki sita za kula bila kutafuna, kisha miezi ya kungoja uso utulie na midomo irudiwe na hisia.

Nilimuuguza mdogo wangu alipofanyiwa mataya yote mawili. Maumivu aliyahimili. Kilichomvunja moyo ni mambo yaliyomkuta bila kuambiwa, na mengi kati ya hayo ni ya kawaida kabisa, humpata karibu kila mgonjwa. Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa kwamba taya lako linahitaji kukatwa na kupangwa upya, na bado hujatia saini fomu ya kukubali upasuaji.

Hatua ya 1: Jua tatizo lako liko wapi

Vyuma vya meno husogeza meno ndani ya mfupa. Kwa mtu aliyekwisha kukua, haviwezi kuusogeza mfupa wenyewe. Kama taya la chini limetangulia mbele ya la juu, au limerudi nyuma kiasi kwamba meno ya chini yanagonga kaakaa, au meno ya mbele hayakutani hata ukiuma kwa nguvu, au uso umepinda upande mmoja, huenda kasoro iko kwenye mifupa. Wapo pia wanaopelekwa kwa sababu ya kukatika pumzi usingizini. Mataya yakisogezwa mbele, njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi hupanuka. Na wapo waliozaliwa na kaakaa lililopasuka, ambao taya lao la juu halikukua kama lilivyopaswa.

Mwulize daktari maswali matatu, na usitoke chumbani bila majibu unayoyaelewa. Nikiacha kufanya, nini kitatokea baada ya miaka kumi? Je, kuna njia nyingine, hata kama matokeo yake si kamili, kwa mfano kupanga meno tu ili kasoro ya mfupa ifichike? Ni taya lipi litakatwa, na kwa nini hilo?

Kisha jiulize mwenyewe swali la nne: ninataka nini? Kutafuna vizuri, kulala bila kukoroma na kushtuka, kutamka maneno bila shida, kupenda sura yangu kwenye picha. Zote ni sababu halali, na daktari anapaswa kuzisikia zote. Ziandike kwenye karatasi, kwa sababu katika wiki ya pili baada ya upasuaji utahitaji kuzisoma. Lakini ikiwa anayetaka upasuaji ni mzazi, mchumba au rafiki, na wewe mwenyewe uliridhika na taya lako, hapo simama kwanza. Vilevile, ikiwa unatarajia sura mpya ikuletee ndoa, kazi au amani ya moyo, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuzungumza na mpasuaji.

Neno moja kuhusu maumivu ya kiungo cha taya, pale mbele ya sikio. Wengi hudhani upasuaji utayaondoa. Kwa baadhi hupungua, kwa wengine hubaki yalivyo, na wachache huzidi. Usikubali kufanyiwa kwa sababu hiyo peke yake bila kulijadili hilo kwa kina.

Hatua ya 2: Hakikisha umemaliza kukua

Taya la chini ni miongoni mwa mifupa ya uso inayochelewa kuacha kukua, hasa kwa wavulana. Likikatwa mapema mno, huendelea kukua na kuharibu kazi iliyofanyika. Kwa kawaida wasichana husubiri hadi katikati ya ujana wao na wavulana hadi miaka 17 au 18, wakati mwingine zaidi. Umri peke yake hautoshi. Daktari makini hupiga picha ya eksirei ya kichwa kwa upande, hurudia baada ya miezi kadhaa, kisha hulinganisha. Ikiwa hakuna kilichosogea, ndipo kazi inaweza kupangwa. Watoto hufanyiwa mapema pale tu ambapo hali ni nzito, kwa mfano wanaposhindwa kupumua.

Hatua ya 3: Kubali kwamba utaonekana vibaya zaidi kwanza

Hili ni lile ambalo watu hawaambiwi mapema, kisha linawashtua.

Mwili hujitahidi kuficha kasoro ya mifupa. Taya la chini likitangulia, meno ya chini hulalia ndani na ya juu hulalia nje, yakitafuta kukutana. Ili upasuaji ufanikiwe, ni lazima kila safu ya meno isimamishwe wima juu ya mfupa wake. Maana yake ni kwamba ule ufichaji unaondolewa, na kasoro nzima inajitokeza. Kidevu kilichoonekana kimetangulia kidogo, sasa kinaonekana kimetangulia sana. Kutafuna kunakuwa kugumu zaidi. Mdogo wangu alifikia mahali akasema daktari amemharibu, na akataka vyuma vitolewe. Ilikuwa dalili kwamba kazi inakwenda sawasawa.

Muda huu huchukua miezi 12 hadi 18 kwa wengi, na zaidi kwa baadhi. Katika vituo vingine wagonjwa wachache huchaguliwa kufanyiwa upasuaji kwanza, meno yakapangwa baadaye. Njia hiyo huwaokoa na kile kipindi kigumu, lakini haimfai kila mtu. Uliza kama inakufaa, usiilazimishe.

Katika kipindi hichohicho daktari ataangalia magego yako ya mwisho. Yale ya chini hukaa palepale mfupa utakapopasuliwa. Madaktari wengi huyang'oa takriban miezi sita kabla, ili mfupa uzibe vizuri. Wengine huyatoa siku hiyohiyo ya upasuaji. Uliza daktari wako hufanya vipi, ili usijikute umebakiza wiki tatu ndipo unaambiwa tarehe inasogezwa mbele.

Meno yote yaliyotoboka yazibwe, ufizi unaotoka damu utibiwe. Kinywa kichafu ni mlango wa usaha.

Hatua ya 4: Elewa watakachokifanya, kwa milimita

Fomu ya ridhaa itakuwa na majina yanayotisha. Ukiyaelewa, hofu inapungua nusu.

"Le Fort I" ni mkato wa taya la juu. Jina linatokana na René Le Fort, daktari wa Ufaransa ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huwa inavunjika ikigongwa. Wapasuaji hufuata mstari wa chini kabisa kati ya hiyo, juu kidogo ya mizizi ya meno, wakaliachanisha taya la juu na kulipeleka linakotakiwa: mbele, juu, chini, au kulizungusha.

Kwa taya la chini, mkato unaotumika zaidi hupasua mfupa kwa ubapa pande zote mbili, nyuma ya magego, mithili ya mtu anayetenganisha mbao mbili zilizogandana. Ganda la nje hubaki na kiungo cha taya, la ndani huondoka na meno. Hivyo sehemu yenye meno inaweza kuteleza mbele au nyuma huku mifupa ikiendelea kugusana kwa eneo pana, na ndiyo sababu hupona vizuri. Njia hii ilienea kutokana na kazi ya Hugo Obwegeser miaka ya 1950, na bado ndiyo msingi wa kazi ya leo, ingawa imeboreshwa sana. Mkato wa tatu ni wa kidevu peke yake. Huongezwa pale sura inapouhitaji, na haubadilishi meno yanavyokutana.

Takriban yote hufanyika kupitia ndani ya mdomo. Wakati mwingine hupigwa tundu dogo shavuni la kupitishia skrubu. Mifupa hushikizwa kwa vibati na skrubu vya metali ya titani, ambavyo kwa kawaida hubaki maisha yote bila kusumbua. Zamani meno yalifungwa kwa waya wiki sita mfululizo ili mifupa ishikane. Siku hizi wengi huachwa na raba ndogo za kuelekeza meno, ingawa bado wapo wanaofungwa, hivyo uliza wewe utakuwa upande upi.

Kabla ya siku hiyo utapigwa picha za eksirei au CT skani, utachukuliwa nakala ya meno, uso utapimwa na kupigwa picha kila upande. Vituo vingi hupanga kazi yote kwenye kompyuta na kuchapa kipande cha plastiki kitakachomwonyesha mpasuaji meno yanakopaswa kukaa. Omba uonyeshwe mpango huo, na uambiwe kwa milimita: taya la juu mbele kiasi gani, la chini nyuma kiasi gani. Ukionyeshwa picha ya uso wako utakavyokuwa, itazame kama makadirio. Kompyuta hujua mfupa unakokwenda kwa uhakika zaidi kuliko inavyojua nyama na ngozi zitakavyoufuata.

Uliza pia habari ya pua. Taya la juu likisogezwa mbele au juu, pua huweza kupanuka na ncha yake kuinuka kidogo. Wapasuaji wana mishono ya kulizuia hilo, lakini ni vyema ulijue sasa kuliko kuligundua kwenye kioo. Waliozaliwa na kaakaa lililopasuka waulize kuhusu sauti, kwa sababu taya la juu likienda mbele, hewa inaweza kuvujia puani wanapozungumza.

Hatua ya 5: Zungumza kuhusu ganzi hadi uielewe

Hapa nakuomba usome polepole.

Ndani ya taya la chini, kila upande, umepita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Mkato wa ubapa nilioueleza unapita jirani kabisa na mshipa huo. Mara nyingi haukatwi, lakini huvutwa, hubanwa, huguswa. Karibu kila anayefanyiwa taya la chini huamka akiwa na ganzi mdomoni na kidevuni.

Ganzi hii ni ya hisia tu. Mdomo unasogea, unatabasamu, unatamka. Ila husikii kinachougusa. Udenda utatiririka bila kujua. Chakula kitaganda kidevuni na hutajua mpaka mtu akuambie. Kinywaji cha moto kinaweza kukuunguza bila wewe kuhisi, kwa hiyo pima joto kwa mkono kwanza.

Kwa wengi hisia huanza kurudi katika wiki na miezi ya mwanzo, na huendelea kurudi hadi mwaka au zaidi. Dalili za kurudi kwake si nzuri kuzisikia: kuchonyota, kuwashwa, kama wadudu wanaotembea, wakati mwingine mshtuko mdogo kama wa umeme. Mgonjwa asiyejua hudhani ameharibika. Kumbe mshipa unaamka. Lakini kuna watu ambao sehemu ya mdomo au kidevu haitarudi kama ilivyokuwa, kabisa au kwa kiasi. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye umri mkubwa, hasa baada ya miaka 40, na kwa wanaoongezewa mkato wa kidevu. Wengi wanaobaki na ganzi kidogo huizoea na husema hawajuti. Wachache hubaki na hisia zenye maumivu, na hao huteseka.

Swali la kujiuliza, basi, ni hili: ikiwa kipande cha mdomo wangu wa chini kitabaki na ganzi daima, je, bado nitaona ilistahili? Kama jibu ni hapana, usitie saini bado. Kama unafanya kazi inayotegemea midomo, kama kupuliza tarumbeta au filimbi, mweleze mpasuaji mapema.

Taya la juu nalo huleta ganzi ya mashavu, mdomo wa juu, ufizi na kaakaa. Ya ngozi hurudi kwa wengi. Ya ufizi na kaakaa huchelewa.

Madhara mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa sababu ni madogo bali kwa sababu hutokea kwa wachache zaidi. Damu inaweza kutoka kwa wingi, hasa taya la juu linaposhushwa, ingawa kuongezewa damu si jambo la kila siku. Mfupa wa chini unaweza kupasuka mahali pasipokusudiwa. Hurekebishwa palepale, lakini huenda ukafungwa mdomo kwa wiki kadhaa. Kibati kinaweza kupata usaha, kikatolewa kwa upasuaji mdogo baada ya mfupa kushika. Jino linaweza kufa mzizi. Taya linaweza kurudi taratibu kuelekea lilikotoka, hasa likiwa limesogezwa mbali au ukiwa na mazoea ya kusukuma meno kwa ulimi. Na kwa baadhi, hasa wanawake vijana, kichwa cha kiungo cha taya huweza kulika katika miezi inayofuata, meno ya mbele yakaachana tena. Mwulize mpasuaji: kati ya haya, umeyaona mangapi kwa wagonjwa wako mwenyewe, na ulifanya nini? Daktari asiyekasirishwa na swali hilo ndiye wa kumpa taya lako.

Hatua ya 6: Andaa mwili

Acha sigara. Si kupunguza, kuacha, angalau wiki nne kabla na mpaka mifupa ipone. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na taya la juu likishakatwa hutegemea mishipa midogo ya nyama zinazolizunguka ili libaki hai. Sigara za kielektroniki zenye nikotini nazo zimo katika katazo hili.

Orodhesha kila unachomeza: dawa za hospitali, mitishamba, vidonge vya virutubisho, dawa za kuzuia mimba, dawa za mifupa. Aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu huongeza kutoka damu, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na mpasuaji wazungumze. Vidonge vya kuzuia mimba vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hivyo vitaje. Dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti huweza kuzuia taya lisipone. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia. Kama kuna mtu katika ukoo wako aliyepata shida kubwa chini ya nusukaputi, mwambie daktari wa usingizi, hata kama ni habari ya zamani uliyosimuliwa na bibi.

Ule vizuri. Utapungua kilo kadhaa baada ya upasuaji, na mtu anayeingia akiwa amedhoofu hutoka amedhoofu zaidi.

Hatua ya 7: Andaa nyumba na msaidizi

Chagua mtu mmoja atakayekaa nawe angalau wiki ya kwanza, na umpe mwongozo huu ausome. Mwambie waziwazi kwamba utavimba hadi usitambulike, asije akashtuka mbele yako. Niliposimama kwenye mlango wa wodi niligeuka ukutani kwanza nikavuta pumzi, ndipo nikaingia. Mdogo wangu alikuwa akinitazama usoni ajue amekuwaje.

Vitu vya kutafuta mapema:

- Blenda na chujio. Kila kitu kitasagwa na kuchujwa.
- Bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, lenye kimpira laini mbele, la kuingizia vinywaji pembeni mwa shavu. Mrija wa kunyonyea wengi hukatazwa siku za mwanzo kwa sababu ya ule mvuto.
- Mswaki wa mtoto mchanga, wenye kichwa kidogo na nywele laini.
- Mafuta ya mgando kwa ajili ya midomo. Itapasuka, tena sana.
- Mito ya kuinua kichwa na mgongo. Kulala chali umeinuka hupunguza uvimbe na hurahisisha kupumua.
- Mifuko ya barafu na taulo za rangi nyeusi, kwani udenda wenye damu utatoka.
- Daftari na kalamu, na kengele au kitu cha kugonga kuita usiku.

Kuhusu dawa za maumivu, ulizia kabla kama zinapatikana za maji. Kumeza kidonge kizima ukiwa na raba mdomoni ni shida, na si kila kidonge kinaruhusiwa kusagwa.

Chakula kipangwe kwa nguvu na protini, si kwa kujaza tumbo: maziwa, mtindi, mayai yaliyopikwa laini na kusagwa, supu nzito iliyochujwa, nafaka au kunde zilizosagwa zikaongezwa mafuta kidogo. Milo midogo sita kwa siku ni rahisi kuliko mitatu mikubwa, maana kinywa kitachoka kabla tumbo halijashiba. Jaribu kuishi hivyo siku mbili kabla ya upasuaji. Utagundua mwenyewe nini kinapita kwenye bomba na nini kinaganda.

Kazini au shuleni omba ruhusa ya wiki mbili hadi nne, zaidi ikiwa ni mataya yote mawili au kazi yako ni ya kunyanyua mizigo au ya kuzungumza kutwa. Mambo ya bima au malipo yamalizwe kwa maandishi, yakihusisha vyuma, picha, kulazwa na hata kutolewa kwa kibati kitakapohitajika.

Hatua ya 8: Usiku wa kuamkia na asubuhi yenyewe

Chakula kigumu hukatazwa kwa angalau saa sita kabla ya nusukaputi, na maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Fuata saa utakayopewa na hospitali yako hata kama ni kali zaidi.

Piga mswaki kama hujawahi kupiga. Ondoa vipodozi na rangi za kucha, acha vito nyumbani. Jipige picha ya mwisho ya uso wako, mbele na pembeni. Sura mpya huzoeleka haraka ajabu, na watu husahau walikotoka.

Mpira wa kupumulia utapitishwa puani, ili kinywa kibaki huru kwa kazi. Ndiyo sababu utaamka na koo linalowasha na pua iliyoziba.

Hatua ya 9: Siku za mwanzo, ili lolote lisikushtue

Utaamka umevimba, una dripu mkononi, pengine na mpira wa mkojo. Utahisi huwezi kupumua; pua imeziba kwa damu na uvimbe, mdomo una raba. Hewa inapita katikati ya meno na pembeni. Vuta polepole. Kujua hili kabla ni tofauti kati ya dakika mbili za wasiwasi na usiku mzima wa hofu.

Unaweza kutapika kitu cheusi. Ni damu uliyoimeza wakati wa kazi. Inama mbele uiache itoke. Kwa kuwa tumboni hamna kigumu, itapita hata kwenye meno yaliyoshikizwa. Ikiwa umefungwa kwa waya, wewe na msaidizi wako mfundishwe kabla ya kutoka hospitalini ni waya gani wa kukata na wakati gani, na mkasi huo uwe karibu daima.

Uvimbe hukua kwa siku mbili hadi tatu ndipo huanza kushuka. Yaani siku ya tatu utakuwa mbaya kuliko ya kwanza, na hilo ni sawa. Barafu husaidia siku moja au mbili za mwanzo. Damu itavilia na kuteremka shingoni hadi kifuani, ikibadilika kuwa kijani na njano. Sehemu kubwa ya uvimbe huondoka katika wiki mbili au tatu. Uliobaki hujificha ndani ya mashavu kwa miezi, hivyo usihukumu sura yako kabla ya miezi sita. Wengi hulala hospitalini usiku mmoja au miwili, kisha hutakiwa kutembeatembea ili damu isigande miguuni.

Na moyo utashuka. Kati ya siku ya tatu na wiki ya pili wengi hulia bila sababu, hujuta, huona wamefanya kosa lisilorekebishika. Nusukaputi, njaa, usingizi wa vipande na uso mgeni vyote vinachangia. Hapo ndipo ile karatasi ya sababu zako hutolewa. Hali hii huinuka yenyewe kadiri unavyoanza kula na kusema. Ikizidi wiki kadhaa, au ukianza kufikiria kujidhuru, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Usipenge pua kwa wiki mbili au zaidi kama umefanyiwa taya la juu, na ukipiga chafya fungua mdomo. Sukutua kwa maji ya chumvi na dawa uliyopewa kila baada ya kula. Michirizi ya damu puani kwa siku kadhaa ni kawaida.

Mpigie daktari bila kungoja asubuhi ukiona haya: damu nyekundu inayotiririka na haikomi ukibana kwa kitambaa, homa kali, usaha au harufu mbaya, uvimbe uliokuwa umeshuka kisha ukapanda tena upande mmoja, meno kubadilika ghafla yanavyokutana, shavu la mguu kuuma na kuvimba. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usipige simu, nenda hospitali.

Hatua ya 10: Wiki sita, na mpaka vyuma vitoke

Mfupa huchukua takriban wiki sita kushika kiasi cha kuaminika. Kabla ya hapo hakuna kutafuna, hata ukijihisi mzima. Na wengi hujihisi wazima wiki ya tatu, ndipo wanaponunua matatizo. Raba zibadilishwe kama ulivyoonyeshwa. Ukizivua kwa sababu zinakera, meno huelekea yanakotaka. Daktari akiruhusu, utaanza mazoezi ya kufungua mdomo: mwanzo kidole kimoja hakipiti, lengo ni vidole vitatu vilivyosimama. Michezo ya kugongana na mipira isubiri angalau miezi mitatu.

Vyuma hubaki miezi 6 hadi 12 mingine, kumalizia yale madogo ambayo kisu hakiwezi kuyafanya. Vikishatolewa utapewa kifaa cha kushikilia meno, cha kuvaliwa usiku. Kivae. Mdogo wangu bado anacho kwenye kikopo kando ya kitanda, na kila akisafiri ndicho kitu cha kwanza kuingia kwenye mkoba.